Habari Njema Niliyoipeleka Vibaya

Mtaani kwangu Moshono watu wanaamini kwamba anayejitolea kwenye chama cha misaada kazi yake ni kugawa mablanketi na unga. Nikitoka asubuhi na fulana yenye alama ya Chama, jirani yangu mmoja hakosi kuniuliza kama leo nitamkumbuka na yeye. Nimechoka kumweleza. Kweli, zamani niligawa. Wakimbizi walipokuwa wanamiminika magharibi mwa nchi, nilichukua likizo yangu ya mwaka pale Posta, nikaenda huko na wenzangu wa tawi la Arusha, tukagawa sabuni na ndoo mpaka viganja vikachubuka. Lakini tangu nistaafu nafanya kazi nyingine kabisa. Natafuta watu.

Vita vikipita mahali, watu hupotezana. Simu inaporwa au mtandao unakatwa, na siku hizi hakuna anayekariri namba ya mtu, hata ya mama yake mzazi. Anayetafuta anakuja ofisini, tunajaza fomu, fomu inakwenda kwa wenzetu wa nchi ile yenye vita, nao wanaanza kuulizia hospitalini, kambini, magerezani, makanisani. Mtu akipatikana anaandika ujumbe mfupi kwenye karatasi ya Chama, na karatasi hiyo inapita mkono kwa mkono, kwa boti, kwa basi, kwa pikipiki, mpaka kwa mwenyewe. Haisomwi kwenye simu wala haiachwi kwa jirani. Kwa upande wa Arusha na Meru, mkono wa mwisho ni wangu.

Naipenda kazi hii, ila nisiseme uongo, kwa miaka ile miwili ya kwanza haikunipa raha. Karibu kila nilichopeleka kilikuwa kibaya. Ama mtu amekufa, ama ametafutwa hajapatikana, na hilo la pili wakati mwingine lilikuwa gumu kulisema kuliko la kwanza.

Bahati yangu nilikuwa nimefundishwa. Nimezaliwa na kukulia Meru, kule juu migombani, na mama yangu alinifundisha kupeleka habari ya msiba kama alivyonifundisha kupika. Unapiga hodi. Unasalimia salamu zote bila kuruka hata moja. Unauliza mifugo, unauliza mazao. Unaomba maji ya kunywa, na mwenyewe akishakuletea kikombe unamwomba naye akae. Unahakikisha hayuko peke yake, na kama yuko peke yake unaita mtu wa ukoo. Hapo ndipo unasema, kwa sauti ya chini. Wenzangu vijana wa ofisini walipelekwa semina ya siku tatu kujifunza mambo hayo, wakarudi na makabrasha. Mimi nilikuwa nayo tangu jikoni kwa mama, na nilijivunia kupita kiasi.

Mama mmoja wa kijiji cha Kikwe alikuja kwetu mara ya kwanza akiwa amevaa kama anayekwenda ibadani, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, na ndani ya bahasha ana picha ndogo ya mwanawe. Alikuwa amevuka miaka sabini. Mume alishafariki, mabinti wote wameolewa, na huyu kijana alikuwa kitinda mimba wake na mwanamume pekee. Kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kumtunza mama. Alikuwa dereva wa lori. Alipakia mzigo hapa Arusha akaelekea mashariki ya Kongo, na kabla hajafika alikokuwa akienda, vita vikamkuta barabarani. Mwenye lori alisikia kwa madereva wengine kwamba gari limeonekana limeungua. Habari za dereva hakuna aliyekuwa nazo.

Nikamwuliza maswali ya fomu. Jina la babu, makovu, meno yaliyong'oka, nguo aliyovaa siku ya kuondoka. Alijibu mengi, halafu akaweka kiganja chake juu ya karatasi yangu.

"Mwanangu, haya unayoniuliza ni ya kumtafuta mtu au ya kutambua maiti?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ni ya yote mawili.

"Basi andika kwamba mimi natafuta mtu."

Fomu haina nafasi ya maneno kama hayo. Niliyabana pembeni.

Tangu siku hiyo alikuja kila mwezi. Alikuwa na binti aliyeolewa Kwa Mrombo, hapa mjini, basi akija kumwona alipitia ofisini. Anakaa, namwambia bado, anasema, "Nimesikia," anamaliza chai yake na kuondoka. Miezi kumi na moja hivyo hivyo. Sikuwahi kumwona analia, na kusema kweli kuna siku nilitamani alie, maana ule utulivu wake ulinikondesha mimi.

Mwezi huo wa kumi na moja alisindikizwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mzee mpole wa kofia ya pama. Mama alipokwenda kunawa mikono, mzee akaniambia hali ya nyumbani. Mama halali. Kila gari likipita anatoka nje kuchungulia. Ukoo ulikuwa umekaa na kukubaliana jambo moja. Katika ukoo wao, mtu akipotelea mbali na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba, likafungwa shuka, likazikwa nyumbani kwa heshima zote, ili waliobaki wapate kupumzika. Siku ilishapangwa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mchungaji alishaambiwa na mbuzi walishapatikana. Kilichokosekana ni neno la mama mzazi, kwa sababu yeye asiposema mzikeni, hakuna wa kushika jembe.

"Amegoma," mzee aliniambia. "Nasi hatuna ubaya naye. Tunaogopa tutakuja kuwazika wote wawili."

Ujumbe ulifika Jumatano ya wiki hiyo hiyo, ndani ya bahasha kutoka Kigoma. Karatasi hizo huwa wazi, na ni lazima tuzisome kabla hatujazipeleka, kuhakikisha hakuna mambo ya majeshi ndani. Niliposoma jina lake nilifunga mlango wa ofisi nikalia, kisha nikanawa uso. Alikuwa hai. Alikuwa hospitalini, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti.

Ule mguu ndio ulionipoteza. Njia nzima ndani ya gari la Chama, tangu tulipoiacha lami ya barabara ya Moshi tukashika vumbi la kwenda Kikwe, nilikuwa nawaza nitaanzaje kumwambia mama wa miaka zaidi ya sabini kwamba mtoto wake amekatwa mguu. Nikaona hiyo ni habari nzito, na habari nzito mimi naijua inavyopelekwa.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Dereva wetu alibaki getini na gari. Nikapiga hodi, nikaingia taratibu na fulana yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Macho yake yalikuwa kwenye mkoba wangu. "Umeniletea nini?"

"Tusalimiane kwanza, mama. Habari za hapa nyumbani?"

"Nzuri."

"Za majirani?"

"Wapo."

"Ng'ombe hajambo? Na haya mahindi mwaka huu mmepata?"

Akaniambia wamepata kiasi. Mikono yake ilikuwa bado inapukuchua, lakini punje zilikuwa zinaanguka nje ya ungo. Nikaomba maji. Alinyanyuka akaniletea kikombe, nikanywa nusu, nikamwomba akae karibu nami kwenye benchi. Akakaa. Nikamwuliza kama yuko peke yake.

"Niko peke yangu."

"Basi tumwite shemeji."

Nikamwita mimi mwenyewe kwa kupaza sauti juu ya ua, maana shamba la mzee limepakana na lake. Mzee akaja, akaona gari getini, akaona fulana, akaniona nimekaa na mama benchi moja na kikombe cha maji katikati. Akavua kofia. Na pale njiani wanawake wawili waliokuwa wanapita na majani ya ng'ombe wakamwona mzee anavua kofia, wakatua mizigo yao. Mmoja akaenda kuita wengine. Sikumzuia. Nakumbuka kabisa nilivyofikiri, kwamba ni vizuri, hatakuwa peke yake.

Mama alifungua kitambaa chake kichwani. Alikifungua polepole, akakikunja mara mbili, akakiweka mapajani. Halafu akashuka kutoka kwenye benchi, akakaa chini, akanyoosha miguu mbele yake kama wanavyokaa wafiwa.

"Haya," alimwambia shemeji yake. "Mzikeni Jumamosi."

Mwanamke mmoja kule kwenye ua akapasua kilio, na wengine wakamfuata.

Sijui niseme nini kuhusu nafsi yangu saa ile. Nilikuwa nimekaa na mkoba magotini, na ndani ya mkoba kuna mtoto mzima, na mama aliyekataa kwa miezi kumi na moja, mbele ya ukoo, mbele ya mchungaji, mbele yangu mimi na fomu zangu, alikuwa ameshindwa kwa sababu ya adabu zangu. Nikasema, "Mama, ni mzima." Hakuna aliyenisikia. Nikarudia. Vilio vilikuwa vimepamba moto. Ikabidi nisimame juu ya benchi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikapiga kelele kama ninayefukuza nyani shambani.

"Ni mzima! Jamani, nyamazeni, kijana ni mzima!"

Walinyamaza mmoja mmoja. Mama hakuinuka. Alinitazama kutoka pale chini, na mimi niko juu ya benchi lake na viatu vyangu vya vumbi.

"Soma," alisema.

Nikashuka nikasoma. Kijana alikuwa ameandika hivi: Mama shikamoo. Mimi ni mzima, niko hospitali. Mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti, kidonda kinapona vizuri. Ninakula. Anayeniandikia ni muuguzi wa hapa kwa sababu mkono wangu bado hauna nguvu. Yule ng'ombe mweusi msimuuze, nitakuja. Nisamehe kwa kuchelewa.

"Sema na kwa Kimeru," mama aliniambia. "Hicho Kiswahili ni cha ofisi. Nataka nisikie kama ni kweli."

Nikasema kwa Kimeru, neno kwa neno, na nilipofika kwenye ng'ombe mweusi akaweka kitambaa usoni. Alilia kwa sauti, na hapo tena majirani walilia naye, lakini kilio kilikuwa kingine. Mzee wa watu alikuwa amekaa kwenye ungo wa mahindi bila kujua.

Mama alipomaliza kulia alinigeukia.

"Ulijua tangu getini?"

"Nilijua, mama."

"Ulijua, na ukakaa unaniuliza mahindi?"

"Nilikuwa nafikiria mguu, mama. Niliona nikuandae."

"Uniandae!" Alinipiga kofi begani, si la mchezo. "Nimebaki bila mtoto robo saa nzima. Wewe ndiye uliyemuua, na maji yangu umekunywa."

Nikapiga magoti nikaomba radhi, na sikuona aibu, maana nilistahili. Nilifundishwa njia moja tu ya kupeleka habari. Hakuna aliyewahi kunifundisha ya pili, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza kama ipo. Alininyanyua kwa kunishika mkono. Akaniambia nisiondoke bila kula, na huo ndio msamaha niliopata siku ile. Wale wanawake walikuwa wameshaanza kuleta kuni na maziwa ya msibani, basi zile kuni zikapika makande na yale maziwa tukayanywa. Hata dereva wetu aliitwa kutoka getini. Jumamosi iliyofuata mbuzi waliliwa kama ilivyopangwa, na mchungaji, niliambiwa, ilibidi atafute mahubiri mengine kwa haraka.

Siku hizi nikipeleka habari njema, nakwenda kinyume na malezi yangu. Naanza kuisema nikiwa bado nje ya geti. Shikamoo inafuata baadaye. Kuna mzee mmoja wa Moshono alinisema kwa wenzangu wa kwaya kwamba uzee umenitoa adabu, na mimi nimemwacha aseme.

Nikiikumbuka ile karatasi nashukuru kuliko ninavyoweza kueleza. Kuna mtu alipita kitanda kwa kitanda na orodha ya majina, katika mji ambao risasi zilikuwa hazijaisha. Kuna aliyevuka ziwa na mfuko wa barua miguuni. Kuna aliyezichambua Kigoma. Wote hao siwajui, na pengine sitawajua. Nilifanya kazi Posta miaka yangu yote, nimepokea barua nyingi kuliko ninazoweza kuzikumbuka, na kabla ya hapo sikuwa nimewahi kujiuliza nani alizibeba.

Kijana alirudi baada ya masika. Chama kilimleta mpaka Kigoma, na kutoka hapo wenzetu walimleta kwa zamu mpaka Arusha. Mama alifanya ibada ya shukrani nyumbani, uani pale pale, na akaniagizia kiti cha mbele pamoja na wazee, jambo lililonitia hofu kidogo.

Mchungaji alipomaliza, mama alisimama bila kuitwa. Alizungumza Kimeru. Alisema ana neno la kumwambia mwanawe, na anataka alisikie mbele ya watu, asije akalisikia njiani. Kwamba aliukataa mgomba miezi kumi na moja. Kwamba kuna siku, kwa sababu ya huyu mama wa fulana, na akaninyooshea kidole, alisema mzikeni.

"Robo saa," alisema. "Robo saa nilikubali umekufa. Nisamehe."

Kijana alikuwa amekaa na magongo yake yameegemea kiti, kajikondea, ndevu zimenyolewa upya.

"Robo saa tu, mama?" alisema. "Mimi kule nilijizika miezi sita."

Akaeleza. Mguu ulipokatwa alikuwa amekata shauri asirudi. Aliona mama anahitaji mtoto wa kumlimia, si wa kulimiwa, na kwamba ni nafuu wamlie mara moja wamalize. Watu wa Chama walipopita kitandani kwake na lile jina, aliwaambia si yeye. Walipita mara ya pili akawaambia hivyo hivyo. Muuguzi mmoja wa wodini alikuwa amesikia. Hakumgombeza. Kila akija kufunga kidonda alimwuliza swali moja, mama yako anakula nini leo, na kila siku kijana alijibu hajui. Mwisho akaomba karatasi.

Mama alikuwa bado amesimama. Nilidhani atamkaripia, na nadhani hata yeye kijana alidhani hivyo. Lakini alinigeukia mimi.

"Leta ile karatasi yako."

"Ya nini, mama?"

"Nimwandikie huyo muuguzi."

Nikamweleza, kwa upole, maana watu wote walikuwa wanatusikiliza, kwamba karatasi zile si za kuandikia mtu yeyote. Ni za ndugu kwa ndugu tu. Ndiyo maana juu kabisa kuna mahali pa kujaza anayeandikiwa ni nani wako, na pasipojazwa haiendi.

"Nimekuelewa," alisema. "Lete karatasi."

Nilifungua mkoba nikaitoa. Nikaiweka juu ya Biblia ya mzee wa kofia ili nipate pa kuandikia, nikamtazama mama anitajie uhusiano.

"Andika kwamba ni mwanangu," alisema, na nikaandika.